"Water" ya Kimarekani inapokataa kutoka: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza jioni hapa Mwanga, Kigoma, alibeba mizigo ya wageni kupanda hadi maporomoko ya Kakombe kule Hifadhi ya Gombe. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mama mmoja Mmarekani akageuka na kumwomba kitu. Kijana alisikia "wara". Akabaki anamtazama. Mama akarudia, "wara, wara", mwisho akainua mkono mdomoni kama mtu anayekunywa. Muda wote huo chupa sita za maji zilikuwa mgongoni kwa yule kijana.

Jioni alikuja kwangu amenyong'onyea. "Shikamoo, mwalimu. Neno la maji nalijua tangu shule ya msingi. Yule mama hakulisema."

Nilimwambia masikio yake hayana kosa. Alichosikia ndicho kilichosemwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya makosa ambayo wanafunzi wangu hufanya katika neno hili moja, wa boti za Kibirizi, wa mapokezi ya hoteli, na wale wenye ndugu waliohamia Marekani ambao wanataka tu kuelewana nao kwenye simu. Makosa yanajirudia. Yana sababu zake, na karibu yote yanarekebishika kwa kutumia vitu ambavyo tayari viko ndani ya kinywa cha Mswahili.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: t ya Kimarekani katika "water" ni r yetu. Na r ya Kimarekani katika neno hilo haipo kabisa katika Kiswahili. Matatizo mengi hapa chini yanatokana na kuchanganya hayo mawili: tunaweka t yetu mahali ambapo r yetu ingefaa, kisha tunaweka r yetu mahali ambapo haifai hata kidogo. Ili tusipotezane, r yetu nitaiita r ya kugonga, kwa sababu ncha ya ulimi inagonga ufizi wa juu. Ya kwao nitaiita r ya nyuma, kwa sababu ulimi unavutwa nyuma na haugongi popote.

Dalili: unasema "wota", na Mmarekani anaelewa baada ya kufikiri kidogo

Hili si kosa la Kiingereza. Ni Kiingereza cha nchi nyingine. Waingereza walitawala Tanganyika tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1961, na matamshi yaliyoachwa mashuleni ni yao. Mwingereza wa kusini, yule ambaye matamshi yake yalifanywa kipimo, haitamki r iliyo mwishoni mwa neno.

Ushahidi umejaa katika Kiswahili chenyewe. Dokta, meneja, dereva, sweta, kompyuta, rula: kwa Kiingereza maneno haya yote yanaandikwa na r mwishoni, na sisi tumeyapokea yakiishia na a. Chukua bili yako ya maji usome mita na lita. Laiti mabwana wa zamani wangekuwa Wamarekani, nadhani tungekuwa tunasema "mitari" au kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo usijilaumu kwa "wota". Masikio ya babu zetu yalipokea sawasawa kile kilichosemwa mbele yao.

Kama lengo lako ni matamshi ya Kimarekani, "wota" inahitaji marekebisho matatu: t ya katikati, mwisho wa neno, na irabu ya kwanza. Anza na t, kwa sababu hiyo ndiyo rahisi na inaleta mabadiliko makubwa kwa siku moja.

Dalili: t inasikika kama mtu anabisha hodi

Chanzo: t ya Kiswahili inaziba hewa kabisa, inasubiri, kisha inaachia. Sema "tatu" na kiganja mbele ya mdomo, utahisi pumzi. Mmarekani anapofika kwenye t iliyo katikati ya irabu mbili, na irabu ya pili haina mkazo, hazibi hivyo. Ncha ya ulimi inapita, inapangusa ufizi mara moja, na sauti ya kooni haikatiki. Hakuna pumzi inayotoka.

Dawa yake ni neno barabara. Liseme kama unavyolisema ukiwa na haraka, unamwelekeza mtu njia ya kwenda Ujiji. Tazama ulimi wako unafanya nini kwenye r. Mguso mmoja, mwepesi, umekwisha. Huo mguso ndio t ya Kimarekani. Sasa fuata hatua hizi polepole: sema "barabara", kisha "bara", kisha ondoa b uweke w: "wara". Kiganja mbele ya mdomo kisihisi kitu. Hapo umeshafika nusu ya safari, na kwa wanafunzi wangu wengi hatua hii haichukui hata dakika kumi.

Kuna tahadhari moja. Wapo kati yetu wanaotetemesha r, hasa wanapotia msisitizo, kama mpiga debe anayeita abiria stendi. R ya namna hiyo inagonga mara tatu au nne. Haitakiwi hapa. Kama "barabara" yako inatetemeka, punguza pumzi na ulegeze ulimi. Mguso ukiwa mmoja, umepata.

Dalili: umefuata ushauri wa kusema d, sasa inatoka "wada" nzito

Ushauri wa kutumia d umeenea sana kwenye video za kufundisha matamshi. Kwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiingereza au inayokaribiana nacho, unasaidia. Kwa Mswahili mara nyingi unaharibu, na nimechoka kuwarekebisha watu wazuri walioharibiwa nao. D yetu inakaa. Ulimi unabana ufizi kwa nguvu, na kwa wasemaji wengi, hasa wenye matamshi ya pwani, hewa inavutwa kidogo kuelekea ndani kabla ya kuachiwa. Sema "dada" polepole utaona uzito wake. Mguso wa Kimarekani hauna uzito huo.

Usitafute d nyepesi. Rudi kwenye r ya barabara, ambayo ulizaliwa nayo.

Dalili: inatoka "wala"

Nilimpata mwanafunzi kutoka Tabora, mzungumzaji wa Kinyamwezi, kijana mwenye bidii kuliko wote darasani. Alipofika kwenye "wara" ilitoka "wala" kila mara, naye hakusikia tofauti. Kinyamwezi hakitenganishi maneno kwa l na r jinsi Kiswahili kinavyotenganisha kula na kura. Sikio lililokua bila kuhitaji mpaka huo haliwezi kulazimishwa kuuona kwa siku moja.

Tofauti iko pembeni mwa ulimi. Kwenye l, ncha inagusa ufizi na kukaa, hewa inapita kushoto na kulia. Kwenye r ya kugonga, ncha inagusa na kutoka, hakuna muda wa hewa kutafuta njia ya pembeni. Kipimo chepesi ni hiki: jaribu kuirefusha. L inarefuka, "wallllla", bila shida. R ya kugonga hairefuki kamwe. Ukijaribu kuishikilia inakuwa kitu kingine. Kwa hiyo kama sauti yako ya katikati inaweza kushikiliwa, hiyo ni l.

Zoezi lililomsaidia lilikuwa kusoma jozi kwa sauti huku mwenzake amempa mgongo na kuonyesha kidole: kura upande wa kulia, kula upande wa kushoto. Halafu bara na bala, kura na kula tena, hata maneno yasiyo na maana. Ilimchukua wiki kadhaa. Nayataja hayo ili mwenye tatizo hili asikate tamaa siku ya tatu.

Dalili za mwisho wa neno: hapa ndipo kazi ilipo

Mwisho wa "water" unavunjika kwa namna tatu, na kila namna ina chanzo chake.

Ya kwanza, r haipo. Unasema "wara" ukiishia na a safi. Chanzo tumeshakitaja, ni urithi wa Uingereza. Mmarekani atakuelewa mara nyingi, lakini atasikia neno limekatwa.

Ya pili, r ipo lakini inagonga au kutetemeka: "wararr". Umeona herufi mwishoni ukaamua kuitendea haki. Jambo la kuvutia ni kwamba Waskoti wengi hutamka r ya mwisho kwa kugonga ulimi. David Livingstone, aliyekutana na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871, alikuwa Mskoti. Kwa hiyo r yetu mwishoni mwa neno la Kiingereza si ajabu duniani. Ila haiko Marekani, na ikifuata mara moja baada ya t iliyokwisha kuwa r ya kugonga, neno linakuwa na miguso miwili mfululizo na msikilizaji anapotea.

Ya tatu, irabu imeongezwa: "warari" au "wararu". Kiswahili kinapenda silabi iishie na irabu. Ndiyo sababu tuna risiti, benchi na baiskeli. Ulimi ukifika kwenye konsonanti mwishoni unatafuta mahali pa kutua, na i au u iko karibu.

Namna hizi tatu zina dawa moja, na dawa hiyo inaanza na kusahau kwamba mwisho wa "water" ni konsonanti. Kwa Mmarekani, ile "er" ni irabu. Ni irabu moja iliyochovywa ndani ya r, na inaweza kushikiliwa hadi pumzi iishe, kama unavyoweza kushikilia a au o. Wanafunzi wangu wakishaelewa hilo, ile "i" ya ziada huondoka yenyewe, kwa sababu neno tayari limeishia na irabu. Desturi ya Kiswahili imetimizwa.

Namna ya kuitengeneza. Kaa mbele ya kioo, au fungua kamera ya simu ya mbele. Sema "iiii" na usikatishe sauti. Utahisi kingo za ulimi zimegusa magego ya juu, kulia na kushoto. Ziache pale pale. Sasa, sauti ikiendelea, vuta ulimi wote nyuma taratibu, kama unaburuta mtumbwi kutoka majini, huku kingo zikiendelea kuteleza juu ya magego. Ncha ya ulimi isiguse chochote, si meno, si ufizi, si paa la kinywa. Sauti itaanza kuwa nzito na ya giza. Kusanya midomo kidogo, si kama unapuliza, kidogo tu. Kuna mahali fulani katika safari hiyo ya kurudi nyuma ambapo sauti inageuka ghafla na wewe mwenyewe utashtuka. Hapo ndipo. Simama. Ishikilie.

Wapo ambao njia hiyo haiwafai. Hao waanze na "aaaa", kisha wainue ncha ya ulimi na kuielekeza nyuma, kama inayotaka kulamba paa la kinywa lakini inaishia hewani. Sauti inayopatikana inakaribiana sana. Wamarekani wenyewe wamegawanyika: wapo wanaokunja ncha juu, wapo wanaokusanya ulimi kama ngumi katikati ya kinywa na kuiacha ncha chini, na sikio halitofautishi. Kwa hiyo usibishane na mwenzako kuhusu ulimi uweje. Sikilizeni sauti.

Kipimo cha r ya nyuma kina maswali mawili. Je, unaweza kuishikilia kwa sekunde tano bila kubadilika? Je, ukiishikilia, kuna kitu chochote kinatetemeka mbele ya kinywa? Kama jibu la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, umeipata. Ikitetemeka, ncha imerudi mbele. Ikigeuka kuwa a, kingo zimeachana na magego.

Taya lichoke kidogo siku za kwanza, ni kawaida. Likiuma, umebana mno. Pumzika, kunywa maji, rudi kesho.

Dalili: kila sauti unaiweza peke yake, lakini haziungani

Hili nalipenda kwa sababu linaonekana gumu na dawa yake ni ndogo. Mwanafunzi anasema "wa", vizuri. Anagonga, vizuri. Anatoa r ya nyuma, vizuri kabisa. Akiziunganisha, anapata "wara... er", kwa sababu ulimi umegonga, ukashuka chini kutua kwenye a, ndipo ukakumbuka kwenda nyuma.

Usianze mwanzo wa neno. Anza mwishoni. Shikilia r ya nyuma peke yake, mara kumi. Kisha weka mguso mmoja mbele yake, bila a yoyote katikati, mara kumi. Kisha ndipo uongeze "wa". Ulimi ujue unakokwenda kabla haujaanza safari.

Halafu hisi jambo hili: ulimi hauhitaji kugonga, kurudi chini, na kupanda tena. Unaweza kutoka chini kwenye "wa", kupanda, kupangusa ufizi ukiwa njiani, na kuendelea moja kwa moja kwenda nyuma. Safari moja, njia moja. Ni kama boti ya kwenda Gombe inayopita karibu na kijiji na kushusha abiria mmoja bila kuzima injini. Wanafunzi wa Kibirizi walielewa mfano huo kabla sijaumaliza.

Dalili: irabu ya kwanza inasikika imebanwa

O ya Kiswahili ni ya duara na fupi. Mmarekani anafungua zaidi. Kwa wengi wao irabu ya "water" iko karibu na a, lakini a ya nyuma ya kinywa, taya limeshuka, midomo haijajikusanya. Kwa wengine bado ina dalili ya o. Zote mbili zinakubalika, kwa hiyo usipoteze muda hapa. Shusha taya kama daktari anataka kutazama koo lako, irefushe kidogo kuliko a ya kawaida, songa mbele.

Ukisikia Mmarekani anasema kitu kama "wura", usidhani umesahau yote uliyojifunza. Watu wa Philadelphia na maeneo ya jirani wanajulikana kwa kuitamka hivyo. Na huko Boston wapo wenyeji wasioitamka r ya mwisho, kama Waingereza. Kama ndugu yako ameishi miaka mingi katika mojawapo ya miji hiyo na anakusahihisha kinyume na ninavyosema hapa, huenda anasikia sawasawa kile kinachosemwa mtaani kwake.

Mkazo

Hapa tuna bahati. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na "water" yenye silabi mbili ina mkazo hapo hapo. Ila silabi isiyo na mkazo sisi tunaitamka kamili, wao wanaifupisha. Ipe "wa" muda mrefu, na sehemu iliyobaki iwe fupi. Basi.

Dalili: baada ya kufaulu, umeanza kusema "horel"

Dalili hii inamjia mwanafunzi mzuri. Amegundua kwamba t ni r, akaanza kuigeuza kila mahali. Mmoja wa mapokezi alimkaribisha mgeni kwenye "horel", na mgeni akauliza mara mbili.

Kanuni iko kwenye mkazo. Ndani ya neno moja, t inageuka kuwa mguso pale tu irabu inayoifuata haina mkazo. "Hotel" ina mkazo mwishoni, kwa hiyo t inabaki t kamili, pamoja na pumzi yake. Vivyo hivyo "attend" na "return". T inayoanza neno linalosimama peke yake, kama "tea" au "ten", nayo haigeuki. Jozi ninayoitumia darasani ni "atom" na "atomic". Katika la kwanza mkazo uko mwanzoni, t ni mguso. Katika la pili mkazo umehamia kwenye silabi inayofuata t, na t imerudi kuwa t. Mzizi mmoja, herufi ile ile, lakini mkazo umehama na sauti imehama nao. "Photo" na "photography" hufanya vivyo hivyo.

Maneno yanayofuata njia ya "water" ni mengi: "better", "letter", "matter", "meter", "liter", "butter", "daughter", "later". Ukilirekebisha moja, mengine yanafungua. Anza na "meter" na "liter", kwa sababu Kiswahili chake unakijua tayari: chukua mita, geuza t iwe r ya kugonga, kisha malizia kwa r ya nyuma badala ya a. Mguso unavuka hata mpaka wa maneno. "Get up" inasikika kama "gerap", na "a lot of" kama "alarav".

T iliyo baada ya n ni habari nyingine. Katika "twenty" na "winter", Wamarekani wengi huiacha kabisa katika mazungumzo ya haraka. Na katika "button" au "mountain" wanaikata kooni kabla ya n. Usijaribu kuzitatua kwa kanuni ya "water", utajichanganya.

Dalili: peke yake iko sawa, ndani ya sentensi inaharibika

Chanzo huwa ni kusimama. Tunafika karibu na neno tulilolifanyia kazi, tunapunguza mwendo, tunajiandaa, na neno linatoka limesimama peke yake kama mgeni mlangoni. Mmarekani haliandai. Chukua maneno mawili tu kwanza, "some water", uyaseme kama neno moja. Kisha "cold water". Kisha "a bottle of water", ambayo ina miguso miwili, mmoja kwenye "bottle" na mwingine kwenye "water". Sentensi hii ya mwisho ndiyo mtihani wangu. Anayeimaliza bila kusita mara tatu mfululizo, namruhusu aende nyumbani mapema.

Dalili: simu inaandika kitu kingine

Wengi wanajipima kwa kuzungumzia simu iandike. Ni kipimo kizuri, lakini kagua kwanza mipangilio. Kama lugha ya kuandika kwa sauti ni Kiingereza cha Uingereza, simu inategemea kusikia "wota", na matamshi yako mazuri ya Kimarekani yanaweza kuandikwa vibaya. Weka Kiingereza cha Marekani. Kisha ikiandika "order", "w" yako ni dhaifu au imemezwa, kusanya midomo zaidi mwanzoni. Ikiandika "Walter", umeleta l, rudi kwenye kura na kula. Ikiandika "what a", r ya nyuma haijasikika. Upepo wa ziwani nao unaingia kwenye kipaza sauti. Fanyia ndani ya nyumba.

Na kipimo cha simu kisikutie wasiwasi kuliko kipimo cha mtu. Simu inatafuta maneno yanayoendana, mtu anakutazama, anaona chupa mkononi mwako.

Dalili: umetamka vizuri, lakini mgeni hakuelewa

Muulize anatoka wapi. Gombe inapokea watu wa kila taifa, na Jane Goodall mwenyewe, mtafiti wa sokwe aliyefika huko mwaka 1960, alikuwa Mwingereza. Mjerumani au Mfaransa aliyejifunza Kiingereza shuleni anaweza kupata shida na mguso wa Kimarekani kama yule kijana wangu alivyopata. Kwa hao, "wota" yenye t iliyo wazi ndiyo bora, na unayo tangu zamani. Wala usiitupe. Mfanyakazi wa boti anayeweza zote mbili anamhudumia kila anayepanda.

Dalili: unaitamka, lakini bado huisikii

Hili ndilo lililompata kijana wangu kule Kakombe, na nimeliacha mwisho kwa sababu halitatuliwi na ulimi. Sikio lake lilipokea r ya kugonga, likaenda kutafuta neno lenye r, halikulipata. Sikio linahitaji kufundishwa kwamba likisikia r nyepesi kutoka kwa Mmarekani, lirudi pia kwenye t na kwenye d. Kwao "writer" na "rider" zinakaribia kufanana kabisa, na "metal" na "medal" vivyo hivyo. Wanazitenganisha kwa maana ya sentensi.

Zoezi letu ni imla. Ninasoma kwa matamshi ya Kimarekani, wao wanaandika tahajia. Mwanzoni walikuwa wanaandika "bera" na "lera" walivyosikia, kwa uaminifu kamili. Baadaye mikono yao ikaanza kuandika "better" na "letter" bila kusubiri. Juma lililopita tulikuwa Kibirizi, boti zikipakiwa, kelele tupu, nami nikasema sentensi moja nikiwa nimewapa mgongo. Yule kijana aliinama, akatoa chupa ya maji kwenye boksi, akaniletea.